Mikono Miwili ya Waya

Anyango,

Sikusalimu. Tumesalimiana asubuhi ukiwa unapiga mswaki, na watu wanaosalimiana mara mbili kwa siku moja wana jambo wanalofichana. Mimi ninalo, na leo nalitoa.

Umeenda Sori kumuaga mama yako na mume wake. Umesema utarudi kabla kuku hawajaingia ndani. Basi muda wangu ni huo, na mkono wangu unaandika polepole, unajua. Darasa la nne si chuo kikuu. Naandika Kiswahili kwa sababu Dholuo naongea tu, kukiandika sikufundishwa, na Kikuria cha kwetu wewe hujui hata kuomba maji. Mimi na babu yako tulitongozana kwa Kiswahili na tukagombana kwa Kiswahili, kwa hiyo hata hili nitalisema kwa Kiswahili.

Sitakuambia uvae sweta ukifika chuoni Eldoret. Una ngozi, utasikia baridi mwenyewe. Sitakuambia usome, kwani nani alikupeleka huko kama si kichwa chako? Habari za wanaume tulimaliza ukiwa kidato cha pili, siku ile nilikukuta na yule wa pikipiki, na kiatu changu kilisema yote. Hayo tuyaache.

Nataka kusema juu ya redio.

Jana jioni uliitoa kabatini, ukaifuta vumbi kwa leso yangu nzuri bila kuniomba, ukaiweka kwenye boksi katikati ya nguo zako. Nikakuuliza, "Hiyo chuma unaipeleka wapi?" Ukasema, kwa lile neno lenu la bibi, "Naenda nayo, dani. Nikifika maabara nitaifungua, nijue risasi aliyochomelea babu ilikosea wapi. Nikishajua, sitaikosea kamwe." Halafu ukatabasamu, kama mtu anayemfanyia marehemu wema.

Sikulala vizuri. Ulipouliza asubuhi mbona macho mekundu nikasema ni moshi. Haikuwa moshi.

Nianze mbali kidogo ili usipotee, maana ulikuwa na miaka minne na mambo mengi umeyachukua kwa midomo ya watu wa bichi, pale boti zinapotia nanga.

Babu yako Okeyo alikuwa fundi wa redio hapa Kisegi kabla ya wewe kuwa hata mawazo. Hakusoma chuo. Alifundishwa na Mhindi mmoja Migori mjini, akaja hapa na pasi ya kuchomelea, kopo la risasi na kiburi. Mimi nilikuwa mke wake na mshika tochi wake. Alinifundisha mambo kidogo kidogo, si kwa sababu alitaka, ni kwa sababu nilikuwa namuuliza mpaka anachoka. Alinionyesha kwamba risasi iliyoshika vizuri inang'aa kama jicho la samaki aliyetoka majini sasa hivi, na iliyoshika vibaya ina ukungu kama jicho la samaki wa jana. Ukiiangalia kwa mbali zote mbili zimeshika. Ukizigusa, moja inacheza.

Mwaka mmoja fyuzi ya redio ya mwalimu fulani iliungua, babu yako hayupo. Nikachukua karatasi ya fedha ya sigara, nikaikunja, nikaiweka mahali pa fyuzi. Redio ikaimba. Nikajisifu kijiji kizima. Kesho yake ikatoa moshi, ikafa na vitu vyake vyote tumboni. Babu yako aliporudi nilimwambia siku hiyo hiyo, nimesimama wima. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Gati, fyuzi kazi yake ni kufa. Wewe umeweka kitu ambacho hakitaki kufa, sasa wamekufa wengine." Alimnunulia mwalimu redio nyingine na hakulitaja tena.

Nakuambia hili ujue kwamba nilijua kusema kosa. Nilikuwa na mdomo wa kusema. Ndiyo maana lile la pili halina kisingizio.

Sasa hiyo redio iliyo kwenye boksi lako. Siyo ya kusikiliza nyimbo. Ni ya kuitana. Babu yako alizipata mbili, kuukuu, akazifufua. Moja aliifunga kwenye boti ya baba yako Ouma, nyingine akaiweka hapa nyumbani, mezani karibu na dirisha la ziwa, kwa betri ya gari. Wakati huo simu zilikuwepo, lakini mtandao ulikuwa unashika juu ya kilima tu, na samaki hawaishi juu ya kilima. Baba yako na wenzake walikuwa wakivua upande wa kisiwa cha Takawiri, wanakaa huko siku tatu, nne, halafu wanakuja nyumbani mchana. Na wewe unajua upepo wa hapa. Unashuka kutoka milima ya Gwassi bila kumwambia mtu. Aliye Takawiri anaona ziwa limelala kama maziwa kwenye kibuyu. Sisi tulio hapa ndio tunaoona mlima umevaa nyeusi.

Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa hiyo. Ouma kabla ya kung'oa nanga anaita, mimi natazama mlima, najibu.

Babu yako alitengeneza antena kwa mkono wake. Waya mbili za shaba zenye ganda jeusi, moja huku, moja kule, zimenyooka kati ya nguzo mbili za mkalitusi, na katikati inashuka waya nene inayoingia dirishani. Alipima kila upande pima moja na nusu. Alipima mara tatu, akakata, akapima tena. Nilimcheka. Nikamwambia, "Unapima waya kama unamshonea bibi harusi." Akasema, "Huyu ni bibi harusi. Urefu wake ndio unaokubaliana na wimbi la hii redio. Ukimpunguza hata kidogo, anakataa bwana." Halafu akanigeukia na kidole. "Gati. Hii waya usiiguse. Hata kuanika soksi usianike."

Mimi na kidole cha mtu, unanijua.

Na mimi pia nilitengeneza kitu. Betri ilikuwa inaisha haraka, kwa sababu kusikia kunakula moto kidogo lakini kusema kunakula mwingi. Hilo ulinithibitishia mwenyewe. Basi nikaweka sheria. Nikamwambia Ouma na wenzake, "Kukiwa kubaya nitasema. Nisiposema, kuko sawa, njooni." Wote walifurahi. Babu yako peke yake alikuna kichwa, akasema sheria hiyo haimpendezi. Nikamuuliza nani anachaji betri, yeye au mimi? Akarudi kwenye pasi yake. Sheria ikawa sheria, mwaka mzima, na ikafanya kazi vizuri sana, na kila ilipofanya kazi niliiamini zaidi.

Pikipiki imepita barabarani. Siyo wewe. Inapanda kuelekea dispensari.

Mwaka ule babu yako alienda Migori mjini wiki mbili, duka la binamu yake lilikuwa na kazi nyingi. Omena ilikuwa imejaa, si kama siku hizi tunagombania kikombe. Kichanja changu cha kuanikia kikavunjika kona moja. Kamba ilikuwa imeoza kwa chumvi na maji ya samaki, omena imemwagika, kunguru wanakula, na mawingu yanajikusanya. Nilizunguka nyumba nzima nikitafuta kitu kisichooza. Nikainua macho. Waya ya babu yako, ule upande wa jikoni, ilikuwa inapita juu ya kichwa changu, na ncha yake inaning'inia karibu na nguzo.

Nikasema, waya ni waya.

Nilikata mikono miwili. Nilipima kwa mkono wangu huu, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, mara mbili. Nikafunga kichanja. Kule juu waya ikawa haifiki nguzo, basi nikaunga kipande cha kamba nyeusi ya wavu, urefu ule ule, nikakaza. Ukisimama chini huoni tofauti. Nyeusi na nyeusi. Nikajiona nina akili kuliko fundi.

Jioni ile niliwasha redio. Ouma akaita, nikamsikia wazi kabisa, kama yuko jikoni. Nikajibu, akajibu. Nikasema moyoni, umeona, bibi harusi amepungua na bwana hajakataa.

Lakini kulikuwa na mambo mawili. La kwanza, mgongo wa redio ulianza kupata moto. Zamani ulikuwa vuguvugu, sasa nikiongea kidogo tu unachoma kama sufuria. Niliweka kitambaa chenye maji juu yake, kama mtoto mwenye homa. La pili, siku kama ya nne, mmoja wa wenzake Ouma alisema redioni, "Mama Ouma, siku hizi sauti yako inatoka kama umefungwa kwenye gunia." Nikamjibu, "Safisha masikio yako, mimi siko kwenye gunia." Walicheka wote. Nilimsikia Ouma akicheka. Hicho kicheko ninacho mpaka leo.

Mambo mawili, Anyango. Redio iliniambia kwa moto na mtu akaniambia kwa mdomo. Nikamfunika mmoja kwa kitambaa na mwingine kwa matusi.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, saa nane. Nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua omena na wewe ulikuwa hapo miguuni unakula udongo. Nikatazama mlima. Ulikuwa umegeuka. Si mawingu, ilikuwa kama mtu ameshusha pazia, na chini ya pazia miti imelala upande mmoja. Kabla sijasimama redio ikasema, "Mama, tuko tayari kutoka Takawiri. Huko kukoje?"

Niliruka juu yako. Nikabonyeza. Nikasema, "Ouma kaa huko. Usitoke. Mlima umegeuka. Kaa huko."

Nikaachia nisikie.

"Mama, huko kukoje?"

Nikabonyeza tena. Taa nyekundu inawaka, betri imejaa, kila kitu kinaonyesha naongea. Nilisema kwa Kiswahili, nikasema kwa Dholuo, nikasema kwa Kikuria ambacho hakukijua, nikamtukana. Nilibonyeza mpaka kidole kikafa ganzi. Hata moto wa mgongo haukuwepo tena, redio ilikuwa baridi kama jiwe la ziwani, na sikuelewa ubaridi ule maana yake nini.

Akaita mara ya tatu. Halafu nikasikia anawaambia wenzake, hajaachia kitufe, "Mama amenyamaza, kuko sawa, vuta nanga." Na kwangu akasema, "Sawa mama, tunakuja. Niwekee chakula."

Hilo ndilo neno la mwisho la baba yako. Watu wote wanajua alikufa ziwani. Hakuna anayejua kwamba nilimsikia akija.

Nilishuka bichi nikikimbia na leso mkononi, nikaipunga, nikaipunga, na wewe nimekuacha mlangoni unalia. Nani anaona leso kutoka Takawiri? Upepo ulifika majini kabla yangu. Wale wenzake wawili waliokotwa jioni wameshikilia mtungi wa mafuta. Ouma ziwa lilimrudisha siku ya tatu.

Nimesimama kidogo. Nimekunywa maji. Naendelea, kwa sababu hapa ndipo lilipo kosa langu lenyewe. Lile la waya lilikuwa ujinga. Hili la sasa halikuwa ujinga.

Asubuhi iliyofuata upepo ule, Ouma hajapatikana na babu yako hajafika kutoka Migori, nilitoka nje. Antena ilikuwa bado juu. Upepo ule wote, na kazi ya Okeyo haikuanguka. Nilisimama chini yake nikaangalia ile kamba yangu nyeusi, na kitu ndani yangu kikaniambia. Sikuwa najua sababu, Anyango, elimu hiyo sikuwa nayo. Lakini mtu hujua alipogusa. Nikapanda kwenye kinu, nikaishusha yote, waya na kamba, nikaitumbukiza chooni. Babu yako alipouliza nikasema upepo umeichukua.

Alikaa mezani na pasi yake, matanga yakiendelea nje, akaifungua redio. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na kikombe cha chai. Akapima hapa, akapima pale. Akafika kwenye ile transista kubwa ya mwisho, inayosukuma sauti kwenda kwenye waya. Imeungua. Akaigeuza kwa ncha ya kidole. Akasema, "Ni mimi."

Nikasema, "Wewe nini?"

"Hii niliiweka mimi mwaka jana, ya zamani ilipokufa. Risasi yangu. Au ilikuwa transista feki nikashindwa kuijua. Gati, mkono wangu ndio umemuua."

Nilikuwa na chai mkononi na neno mdomoni. Nikampa chai.

Alifunga ile redio kwa skrubu zake zote nne na hakufungua redio nyingine mpaka alipokufa. Pasi alimpa mtu wa Nyandiwa. Ulimkuta akiwa hivyo, wewe ulidhani ndivyo alivyozaliwa, mzee anayekaa ukutani na kutazama mikono yake. Hakuzaliwa hivyo. Alikuwa mtu wa kelele. Mimi ndiye niliyemzima, na nilimzima kila siku, kila siku niliyoamka nikanyamaza.

Na watu wa bichi walimsikia akijilaumu, na unawajua ulimi wao. Kuku hatagi, wanasema hiyo ni redio ya Okeyo. Mwanasiasa ameahidi barabara, redio ya Okeyo. Ulipigana shuleni kwa neno hilo, ukaja na shati limechanika, nikakuchapa kwa sababu ya shati. Nilikuchapa, mjukuu wangu, kwa kutetea jina ambalo mimi ndiye niliyelichafua. Mkono huu huu.

Pikipiki nyingine. Siyo wewe. Moyo umeruka bure.

Kwa miaka yote nilikuwa na mlango mmoja wa kutorokea. Nilijiambia, Gati, hujui kwa hakika. Labda ni risasi kweli. Labda ni transista feki. Wewe ni mwanamke wa darasa la nne, utajuaje? Nililala kwenye mto huo.

Ukaninyang'anya mto huo wiki mbili zilizopita, na hukujua.

Ulikuwa umekaa hapo nje na kitabu chako, nikakuuliza kwa dharau, "Hiyo hewa mnayosomea inaonekana?" Ukacheka, ukachukua kamba ya wavu, ukaifunga kwenye mwimo wa mlango, ukaitikisa mara moja. Nundu ikakimbia juu ya kamba mpaka mlangoni, ikagonga, ikarudi mkononi mwako.

"Umeona, dani? Imerudi."

"Imerudi kwa sababu umeifunga. Hata mbuzi aliyefungwa hurudi."

"Ndiyo hivyo. Redio inatuma nguvu kwenye antena. Antena ikiwa na urefu unaolingana na wimbi, nguvu zinatoka zinaenda zake. Urefu usipolingana, nyingi zinagonga mwisho, zinarudi zilikotoka."

"Zikirudi zinafanya nini?"

"Zinampika aliyezituma. Transista ya mwisho inapata moto, inapata moto, siku moja inakufa. Na ubaya wake, dani, kusikia unaendelea kusikia. Kusikia hakuhitaji nguvu nyingi, waya yoyote itakuletea kitu. Unasikia kila mtu na unadhani uko sawa, na wewe hakuna anayekusikia."

Nilikuuliza, nakumbuka nilikuwa nimeshika ungo, "Waya ikipungua mikono miwili?"

"Kwa redio kama ya babu? Hiyo imekwisha." Halafu ukasema haraka, kama unayenituliza, "Lakini ya babu haikuwa hivyo. Nimeona daftari lake, alipima vizuri sana. Antena yake haikuwa na makosa. Ndiyo maana najua ni risasi tu."

Nikaweka ungo chini nikasema kichwa kinaniuma. Ukaniletea dawa na maji. Ulidhani ni jua.

Sasa umeelewa kwa nini sikuweza kukuacha uende na hiyo redio bila kujua. Utaifungua mbele ya walimu na wenzako. Utaikuta risasi inang'aa kama jicho la samaki mbichi, kila mahali. Utatafuta kosa la babu yako na hutalikosa kwa sababu ya uvivu, utalikosa kwa sababu halipo. Halafu, kwa kuwa una akili, utakaa ukafikiri, na iko siku utafika kwenye antena. Utaniuliza kwenye simu. Na mimi ningekudanganya tena, najijua. Mtu aliyezoea kunyamaza, simu haiwezi kumfungua mdomo.

Unaenda kujifunza kuchora hivyo vitu, saketi, sijui nini, vitakavyosemea watu walio mbali. Mimi sina cha kukufundisha huko. Lakini mambo haya niliyalipia, chukua. Mtu akikuambia sauti yako inatoka kwenye gunia, usimtukane, panda ukaangalie waya yako. Kitu kikianza kupata moto ambao jana hakikuwa nao, kinasema. Na usitengeneze kamwe mtambo wowote ambao ukimya wake unamwambia mtu njoo. Babu yako alikuna kichwa kwa sababu hiyo, sasa ndiyo nimeelewa. Anayeita na hajajibiwa akae alipo. Ile sheria yangu ingekuwa kinyume tu, nikisema ndiyo waje, nisiposema wakae, waya ningekata hata yote na baba yako angekula kile chakula. Waya iliharibu redio. Aliyemwambia Ouma avuke ni sheria yangu.

Jumamosi kuna mkutano wa bichi. Wewe utakuwa umeshaondoka, na ndivyo ninavyotaka, usije ukanishika mkono watu wakanionea huruma. Nitasimama niseme antena ya Okeyo ilikuwa sawa, risasi ya Okeyo ilikuwa sawa, aliyeua redio ni mimi. Wacha sasa waseme waya ya Gati. Mimi nina mgongo mpana, yeye hakuwa nao. Lakini nimeanza na wewe. Ouma alikuwa baba yako kabla hajawa habari ya bichi.

Ile mikono miwili ya waya sikuitupa. Kichanja kilipooza niliifungia mlango wa banda la kuku. Miaka kumi na minne tangu niikate. Tangu mkono wako ufikie mlango huo, ni wewe uliyekuwa ukiifungua asubuhi na kuifunga jioni, na mimi nikikutazama. Leo mchana nimeifungua mwenyewe, banda nimelifunga kwa kamba. Waya nimeizungusha, nimeiweka ndani ya boksi juu ya redio, pamoja na daftari la babu. Pima. Usiniamini mimi, pima.

Barua hii naiweka juu ya sahani yako, si kwenye begi. Nilifikiri begi, uisome ukiwa Eldoret, mimi niko mbali. Nikajua huo ni uoga ule ule umevaa nguo mpya. Utaisoma hapa, leo, mimi nikiwa nje mlangoni.

Pikipiki inashuka. Inapunguza mwendo kwa mama anayeuza mandazi. Huyo ni wewe, nasikia unavyomgombeza dereva.

Nitakaa pale pale nilipokaa siku ile, nachambua omena. Ukimaliza kusoma, toka nje useme. Unaweza kunitukana, nitasikia. Unaweza kusema hutaki kuniona mpaka nife, nitasikia hilo pia na nitakufungia chakula cha njiani. Lakini usinipite ukiwa umenyamaza, Anyango. Mimi ukimya siusomi tena kuwa kuko sawa. Ukinyamaza nitakaa hapa hapa, sitavuka, nitakungoja useme.

Dani yako,
Gati, aliyekata waya.